Mchanga wa bichi hauishi kwenye gari, kila ukitolewa unarudi. Unatoka wapi?

#1 Mbezi_Juu
Wakuu salaam.

Gari ni Toyota IST, kapeti nyeusi, siti za kitambaa. Pasaka tulivuka Kigamboni tukashinda Mjimwema na familia, watoto wakarudi na ufukwe mzima miguuni. Tangu hapo gari limeshaoshwa ndani tena na tena. Vijana wanatoa kapeti za juu, wanazikung'uta, wanapiga upepo kila kona, wananikabidhi gari linang'aa na harufu ya strawberi. Nikiendesha siku mbili tu, nikikanyaga breki nasikia kwachu kwachu chini ya kiatu. Naangalia: mchanga uko palepale, mweupe, mkavu, kana kwamba kuna mtu anamwaga usiku.

Gari halijarudi baharini. Sasa huu mchanga unatoka wapi, na unatolewaje ukaisha? Nawasilisha.

#2 Bajaji_ni_Mali
Ndiyo maana mimi na bajaji. Mchanga unaingia kushoto unatokea kulia.

#3 Spana_14
Mkuu, tatizo lako umeliandika mwenyewe kwenye mada: "wanapiga upepo". Kompresa haitoi mchanga, inauhamisha. Ule upepo una nguvu ya kujaza tairi, ukiuelekeza kwenye kapeti punje zinaruka zinaingia kwenye reli za siti, kwenye kile kichomekeo cha mkanda, chini ya kifuniko cha gia, kwenye swichi za vioo mlangoni. Juu panaonekana safi, unalipa, unaondoka. Ukianza kugonga mashimo ya barabarani, vyote vinashuka.

Gari likitoka bichi kwanza ni kunyonya, tena likiwa kavu kabisa. Upepo uje mwisho, kwa kile kilichobaki, na milango yote minne iwe wazi.

#4 Mama_Watatu
Baba Mbezi Juu, pole. Na mimi nina watoto, naijua hiyo kazi.

Mchanga usiingie kwanza. Poda ya mtoto, ile ya kawaida. Mkifika kwenye gari mtoto anakaa ukingoni mwa siti miguu nje, unamnyunyizia poda miguuni hadi magotini, unapangusa kwa kanga kavu. Poda inakunywa ule unyevu, mchanga unadondoka wenyewe kama unga. Ukimpangusa bila poda unausugua tu, na mtoto analia. Usisahau katikati ya vidole na kwenye mapindo ya kaptula. Chupi ya kuogelea ivuliwe nje, maana ile ina mfuko wa mchanga matakoni.

#5 Bajaji_ni_Mali
#4 hapo mwisho nimecheka peke yangu kijiweni.

#6 Kijana_wa_Likoni
Ndugu zangu wa Bongo, huku Mombasa hii ni kazi ya kila Jumapili. Mwenye gari akitoka Nyali au pale Pirates, Jumatatu yuko kwa muosha magari.

Mimi nasema mchanga uko ndani ya siti, si kwenye kapeti. Mtoto amekaa na nguo mbichi, kitambaa kimekunywa, mchanga umepenya kwenye mshono wa kati hadi kwa sponji. Kila ukikaa, sponji inabonyea, inapumua, inatema chini. Jaribu hivi: weka goti kwa siti, ulemee kabisa, halafu mdomo wa vakyumu uwe pale pale kwa mshono wakati unalemea. Achia, lemea, achia. Utasikia punje zikipiga ndani ya bomba la vakyumu ta-ta-ta-ta. Mtu anayenyonya siti bila kuilemea anapaka tu.

#7 Mwamba_na_Tope
Mnazungumzia mchanga kama kitu kimoja. Sivyo.

Mchanga wa Dar kwa sehemu kubwa ni kwatzi, yale madini magumu kama kioo, umeletwa na mito na kumomonyoka kwa kingo za pwani. Ni mzito, una kona, ukinyonywa unatoka vizuri. Ule mweupe pe wa Paje kule Unguja au Diani kule Kenya ni masalia ya matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa. Wenyewe ni chokaa, tena laini, mwingine karibu na unga. Huo ndio unaojificha kwenye nyuzi za kapeti.

Kipimo cha nyumbani: chota kidogo, weka kwenye kisosi, dondoshea siki. Ukichemka povu, ni wa matumbawe. Ukitulia, ni kwatzi. Mwingine ni mchanganyiko, utaona povu kidogo.

Na sehemu ya ule mweupe ni kazi ya samaki aitwaye pono. Anaguguna matumbawe kutafuta chakula, anasaga, anatoa mchanga upande wa pili.

#8 Bajaji_ni_Mali
Kwa hiyo watu wanalipa nauli ya boti hadi Unguja wakalale juu ya mavi ya samaki. Asante kwa elimu.

#9 Bi_Kizimkazi
Wewe wa bajaji, hayo mavi yenu mnayapiga picha kila sikukuu mwatupia mtandaoni, kwa hiyo nyamaza.

Nna mawili. Moja, huyo wa #7 kasema kweli ila asije mtu akafahamu vibaya akamwaga siki kwenye kapeti lake akidhani mchanga utayayuka. Siki ya jikoni haina nguvu hiyo. Utabaki na mchanga wako, na gari linanuka achari.

La pili, mchanga mweupe wa kwetu hauunguzi mguu hata saa saba mchana, ndiyo maana watu hukaa juu yake muda mrefu na kurudi nao mwingi. Nani atakaa ufukwe wa Coco huko Dar saa saba?

#10 Spana_14
Coco watu wanakaa kwa ajili ya mihogo, si kwa ajili ya mchanga.

#11 Mbezi_Juu
Nashukuru kwa michango. Nimefanya la #6 jana jioni, goti na vakyumu. Siti ya nyuma imetoa mwingi, nakiri. Lakini nikaendelea: nikabandua kile kibamba cha plastiki cha kizingiti cha mlango, nikainua ukingo wa kapeti kubwa, ile iliyoshonwa na gari. Chini kuna tabaka kama blanketi zito la kijivu. Nikalikunja kidogo. Kati ya blanketi na bati kuna mchanga umetandaa kama umepepetwa, na karibu na bolti ya siti bati limeanza kupata doa la kahawia.

Sasa nani ananieleza ulifikaje huko? Kapeti haina tundu.

#12 Spana_14
Inayo. Kila bolti ya siti ina tundu lake, na pale panapopita nyaya za chini ya siti pamechanwa kiwandani kabisa. Upepo wa kompresa ukipigwa chini ya siti unauingiza kupitia hapo. Narudi kwenye hoja yangu ya #3.

Dawa: vua siti ya mbele. IST ina bolti nne, mbili mbele mbili nyuma, spana namba 14. Sogeza siti nyuma kabisa ufungue za mbele, sogeza mbele ufungue za nyuma. Dakika kumi siti iko nje.

#13 Fundi_Umeme
#12 umemwacha mwenzako njia panda. Chini ya siti kuna soketi za nyaya, ukiona ya NJANO hiyo ni ya mfumo wa eabegi na mikanda. Usichomoe gari likiwa na umeme. Fungua hasi ya betri kwanza, subiri, Toyota wenyewe wanasema angalau sekunde 90, ndipo ushike soketi. Ukimaliza, rudisha soketi zote kabla hujafunga betri. Ukiwasha gari soketi ya njano ikiwa wazi, taa ya eabegi itawaka kwenye dashibodi, na ikishawaka huenda isizime mpaka ifutwe kwa mashine.

Wateja wa "nilikuwa nasafisha tu" nawapata wengi baada ya kila sikukuu, na sisemi hii biashara ni mbaya.

#14 Spana_14
Nimekubali, hilo la betri nilipaswa kulitanguliza. Na reli msizipake grisi mpya kabla ya kutoa mchanga wote. Grisi na mchanga pamoja ni msasa, siti itaanza kukwama ukiisogeza. Pangusa grisi yote ya zamani kwa kitambaa chenye dizeli kidogo, mswaki mkuukuu kwenye meno ya reli, kisha paka mpya nyembamba.

#15 Chumbageni
Mnahangaika bure. Mimi nilitoa siti zote, nikafungua zile plagi za raba za sakafuni, nikaweka mpira wa maji. Maji yakashuka na mchanga wote. Nikaanika gari juani. Mwisho wa uzi.

#16 Mwamba_na_Tope
Mwisho wa uzi, mwanzo wa kutu.

Mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewa. Hewa ikizidi unyevunyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida huanza kuloa yenyewe, na ya bahari ina magnesi inayoloa hata mapema zaidi. Pwani yetu asubuhi nyingi iko juu ya hapo. Kwa hiyo ukimwaga maji bila kuinua lile blanketi la chini, juu patakauka, chini patabaki mbichi kwa wiki. Mimi ningenyonya kwanza, kisha ningefuta bati kwa kitambaa chenye maji baridi ili kuondoa chumvi, ningekausha, ningerudisha.

#17 Chumbageni
Gari langu halijapata kutu.

#18 Fundi_Umeme
Umeangalia chini ya blanketi?

#19 Chumbageni
Sijaangalia na siangalii.

#20 Mwana_Muscat
Assalam alaykum. Nawasoma kutoka Muscat. Huku mchanga ni wa aina mbili, wa bahari pale Qurum na wa jangwani ukienda Sharqiya. Wa jangwani hauna chumvi na punje zake ni za mviringo kwa kusuguliwa na upepo, lakini una vumbi lake jepesi sana, na hilo huingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Linapita kwenye njia ya hewa ya kiyoyozi.

Ndugu wa IST, umekagua chujio la hewa ya ndani? Liko nyuma ya lile boksi la dashibodi upande wa abiria. Fungua boksi, bana mbavu zake mbili lishuke, utaona kifuniko chembamba. Kama limejaa, kila ukiwasha feni unajimwagia mwenyewe miguuni.

#21 Spana_14
Vumbi sawa, sheikh. Mchanga wa bichi hapana. Punje inayolia kwachu chini ya kiatu ni nzito, haipandi na hewa ya kiyoyozi hadi ikatokea miguuni. Labda gari lilipaki limepewa uso na upepo wa kusi siku nzima, mchanga ukajaa pale chini ya wipa hewa inapoingilia.

#22 Mbezi_Juu
Lilipaki kuangalia bahari. Siku nzima.

Nimefungua boksi. Chujio halimo. Kuna nafasi yake tupu na jani moja la mkaratusi.

#23 Mwana_Muscat
Subhanallah. Basi sisemi zaidi.

#24 Spana_14
Gari nyingi ndogo za zamani kutoka Japani zinakuja hivyo, nafasi ipo chujio halipo. Nunua uweke. Bado nasema upepo wa kompresa.

#25 Mama_Watatu
Nauliza tu: kiti cha mtoto mmekigusa? Hamna hata mmoja aliyekitaja. Kile kina kitambaa, chini yake sponji, chini yake plastiki yenye vyumba vyumba kama mzinga. Changu nilikipindua barazani nikakigonga mgongoni, ukatoka mchanga, punje za popkoni, penseli na meno ya kitana. Kila mtoto akipandishwa, kinatikisika, kinamwaga. Wanaume mnafungua bolti za siti na kiti cha mtoto kimekaa hapo hapo kinawaangalia.

#26 Kijana_wa_Likoni
Mama amefunga mjadala. Na yale mabegi ya bichi kwa buti pia, na zile ndala. Mtu anasafisha gari, halafu anarudisha ndala zile zile kwa buti.

#27 Mtalii_wa_Ndani
Naomba niingilie. Nilikodi gari Unguja, tukaenda Nungwi tukarudi. Wakati wa kurudisha, jamaa akainama akapitisha kidole chini ya siti ya dereva, akanionyesha kidole. Akakata amana yangu kwa "usafi maalumu". Gari nililichukua na mchanga tayari! Hii ni haki?

#28 Bi_Kizimkazi
Pole. Lakini kukodi gari Unguja na kutegemea kulirejesha bila mchanga ni sawa na kukodi jahazi ukataka lirudi kavu. Siku nyengine kabla hujatia saini chukua simu, piga video chini ya kila siti na ndani ya buti, huyo mwenye gari akiwa amesimama ndani ya video. Hapo kidole chake hakitofika mbali.

#29 Mwamba_na_Tope
Nirudi kwa mleta mada, maana kuna kitu mmekiruka. Pasaka iliangukia masika. Mchanga uliingia umeloa, na hewa ilikuwa nzito. Mchanga mbichi hushikwa na utando mwembamba wa maji, unagandana na uzi wa kapeti kiasi kwamba hata vakyumu haiung'oi. Sasa masika yamekwisha, kipupwe kimeingia, hewa imekauka kidogo, ule utando unapotea na punje zinaachia zenyewe. Kwa hiyo haurudi kutoka popote. Ulikuwa hapo hapo siku zote, leo ndiyo unaachia. Osha sasa, si wakati ule.

#30 Fundi_Umeme
Ningekubali, ila gari la mtu wa Mbezi linashinda limefungwa juani mjini. Ndani ni tanuri. Hiyo kapeti ilikauka wiki ile ile, masika au siyo masika.

#31 Mwamba_na_Tope
Juu ilikauka. Lile blanketi la chini je? Na usiku unyevu unarudi.

#32 Mzee_wa_Pantoni
Swali dogo. Mlivuka kwa pantoni au mlizungukia darajani?

#33 Mbezi_Juu
Kwenda darajani, kurudi pantoni. Kwa nini mzee?

#34 Mzee_wa_Pantoni
Kujua tu.

#35 Bajaji_ni_Mali
Mzee amekuja, ameuliza, ameondoka. Huu uzi una watu.

#36 Gazeti_la_Jana
Badala ya kubishana, pimeni. Safisha kila kitu kwa mara nyingine, kavu. Tandika ukurasa mmoja wa gazeti chini ya kila siti, mwingine kwenye pedeli, mwingine miguuni kwa abiria, mwingine chini ya kiti cha mtoto, ubandike pembe kwa gundi ya karatasi. Endesha kama kawaida wiki nzima bila kufagia. Kisha kunja kila ukurasa taratibu uone upi una mchanga. Mchanga wa siti utaangukia chini ya siti. Wa kiyoyozi utakuwa miguuni kwa abiria. Wa viatu utakuwa pale tu unapokanyaga. Wa chini ya kapeti hautaonekana juu ya gazeti kabisa.

#37 Spana_14
Hii nzuri kuliko zote. Mleta mada fanya hivyo utupe majibu.

#38 Mbezi_Juu
Wakuu, nimerudi. Magazeti yamekunjuliwa mezani, mama watoto ameondoka sebuleni.

Pedeli: mchanga upo, si mwingi. Chini ya siti ya dereva: ndipo penye mwingi kuliko kote. Chini ya siti ya abiria: karibu hakuna. Miguuni kwa abiria: vumbi jepesi tu. Chini ya kiti cha mtoto: upo wa kutosha, na biskuti.

Nisomeeni.

#39 Kijana_wa_Likoni
Chini ya siti ya dereva! Si niliwaambia, siti inatema.

#40 Mama_Watatu
Mtoto anakaa nyuma ya dereva?

#41 Mbezi_Juu
Ndiyo.

#42 Mama_Watatu
Basi miguu yake inaning'inia wapi? Nyuma ya siti ya dereva. Viatu vyake vinamwaga chini ya siti ya dereva. Siti ya abiria nayo ni kitambaa kile kile, mbona haikutema?

#43 Spana_14
Siti ya abiria mara nyingi haina mtu wa kuilemea, kwa hiyo hiyo si hoja. Ila pia reli ya dereva ndiyo inayosogezwa kila mara mke na mume wakibadilishana gari. Mchanga uliosukumwa na kompresa kwenye reli unatoka kila siti ikisogezwa.

#44 Mwana_Muscat
Na vumbi la miguuni kwa abiria mmeliruka. Chujio.

#45 Mwamba_na_Tope
Dondosheeni siki basi tujue kama mchanga wa magazeti yote ni mmoja. Ukiwa tofauti, si wa Mjimwema peke yake. Huenda mwingine ni wa shuleni kwa mtoto, wale wana uwanja wa mchanga.

#46 Mbezi_Juu
Shuleni upo kweli. Mchanga wa kuchezea, waliumwaga mwanzo wa muhula. Sikuufikiria.

Nimedondoshea siki. Wa pedeli umetoa povu kidogo. Wa kiti cha mtoto umetulia. Wa chini ya siti umetoa povu upande mmoja wa kisosi, upande mwingine kimya.

#47 Bajaji_ni_Mali
Mahakama imeahirishwa.

#48 Chumbageni
Maji. Nasema tena, maji.

#49 Bi_Kizimkazi
Chumbageni, inua blanketi kwanza.

#50 Mtalii_wa_Ndani
Wakuu, nje ya mada kidogo. Nilibeba pweza kwenye buti kutoka Feri, mfuko ukapasuka, maji yakaingia kwenye tundu la tairi la akiba. Mchanga siuogopi tena, ila harufu...

#51 Fundi_Umeme
Toa tairi la akiba, chini yake kuna plagi ya raba. Ifungue maji yatoke, osha kwa maji ya sabuni, acha buti wazi kutwa. Kisha fungua uzi wako mwenyewe, huu una mchanga wa kutosha.